Mtama Ulipompita Binti Yangu Kimo

"Mbukwa, mtani! Umekuja kuomba? Leo Jumatano bwana, siku ya kuomba ni Ijumaa."

Ndivyo mwalimu wa binti yangu alivyonipokea mlangoni mwa chumba cha walimu, kwa salamu ya kwetu Wagogo, kikombe cha chai mkononi, na wenzake wakacheka. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Miguu yangu ilikuwa imejaa mikwaruzo ya majani ya mtama, na usiku uliopita sikuwa nimefumba jicho. Hata salamu nilikuwa sijatoa.

Kwa asiyejua: kabila lake na kabila langu ni watani. Mababu zao na zetu walipigana wakachoka, wakapatana, na tangu hapo tunatukanana kwa raha. Yeye ana ruhusa ya kuniita ombaomba. Mimi nina ruhusa ya kumwambia kwamba kwao mbwa hawazeeki. Katika utani hakuna kununa. Anayenuna hulipa kuku, na atasimangwa yeye na watoto wake.

"Mwalimu," nikasema, "jana jioni binti yangu alijificha gizani, juu ya dungu, kwenye shamba la watu, anamkimbia mwanamume wa baiskeli. Alikuwa anatoka kwako."

"Juu ya dungu?" Akawageukia wenzake. "Kumbe amewafukuzia watu ndege! Mtani, mwenye shamba amempa hata kibaba?"

Wakacheka tena. Yeye mwenyewe alicheka mpaka kikombe kikatikisika.

Nilipiga meza yake kwa kiganja. Chai ikamwagikia madaftari. Mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia, nikamwacha alie.

"Wewe ni mtani wangu," nikamwambia. "Kazi ya mtani ni msiba. Mtani ndiye anayechimba kaburi, mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Sasa wewe umeanza kuchekesha kabla ya maiti. Niambie nikuletee nani uzike, ili kicheko chako kipate mahali pake."

Mwalimu mmoja mama mtu mzima, aliyekuwa anasahihisha karibu na dirisha, akaweka kalamu chini, akasema kwa upole, "Mwanangu, mtani hakasirikiwi."

"Shikamoo mwalimu," nikamjibu. "Simkasirikii kwa utani. Namkasirikia kwa kazi."

Sijawahi kulipa kuku huyo mpaka leo.

Wakati ule serikali ilikuwa imefungua milango. Kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kutoboa ukuta wa chumba chako ukafanya dirisha la duka. Mimi nilipewa ruksa ya kwenda nyumbani. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, nina kidato cha nne na cheti cha uhazili, na walipoanza kupunguza wafanyakazi walianza na sisi wa mashine. Nikafungua genge Nkuhungu, hapa Dodoma, mbele ya chumba tulichopanga: nyanya, vitunguu, dagaa, mafuta ya taa ya kupima kwa kopo. Baba wa watoto wangu alikwenda Kibaigwa kwenye mahindi. Akawa dalali, anakaa huko wiki nzima, anarudi Jumamosi na vumbi la magunia kwenye kope.

Binti yangu wa kwanza nilimzaa mapema, ningali msichana, ndiyo maana watu wakituona sokoni walidhani ni mdogo wangu. Alifaulu darasa la saba, akapangiwa shule ya sekondari ya kutwa iliyo pembezoni mwa mji. Ni shule ya serikali, lakini matofali ni ya wazazi, maji ya kufyatulia matofali hayo tulibeba kichwani sisi akina mama, na madarasa yalikuwa na bati bila dari. Mvua ikinyesha mwalimu anaandika tu ubaoni, kwa sababu hasikiki.

Alipokuwa ameingia kidato cha pili, mkuu wa shule alirudi kutoka semina Morogoro na mkoba mpya na neno jipya. Neno lenyewe lilikuwa "familia". Akatuita wazazi, tukakaa kwenye madawati ya watoto wetu, magoti yakigonga mbao.

"Shule imekuwa kubwa," alisema. "Mtoto anapotea humu kama punje kwenye gunia. Mimi nitaigawa. Kila familia itakuwa na wanafunzi thelathini, wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, wamechanganyika. Mwalimu mmoja atakuwa mlezi wao, na darasa moja litakuwa nyumba yao. Masomo ya kawaida yakiisha hawaondoki. Wakubwa watawafundisha wadogo, halafu mlezi atakuja kuwasikiliza mmoja mmoja. Haondoki mtu mpaka wote wamejibu. Familia haimwachi mtu nyuma."

Baba mmoja akauliza, "Na hizo familia mtazipangaje?"

"Kwa kuchanganya!" Mkuu alikuwa analisubiri swali hilo. "Wanaotoka mtaa mmoja sitaki kuwaona familia moja. Ukiwaacha wa Nkuhungu na Nkuhungu, wa Nzuguni na Nzuguni, watoto wa maofisa kivyao na watoto wa wakulima kivyao, unajenga ukabila. Nchi hii hatukuijenga hivyo."

Tukapiga makofi. Ungetegemea nini? Sisi ni watu tuliolelewa kwa kuchanganywa. Mimi mwenyewe sekondari nilipelekwa Tabora, nikalala kitanda cha dabo deka, chini mimi, juu msichana wa Kagera, na mpaka leo najua kupika ndizi za kwao. Tulichanganywa kweli, na kwa kweli tulipendana. Lakini kule Tabora tulilala humo humo shuleni. Hakuna aliyetakiwa kutembea kwenda Kagera jioni.

Hilo ndilo kosa lote, na nitalirudia kwa yeyote. Walichukua sheria ya shule ya bweni wakaiweka kwenye shule ya kutwa. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza hawa watoto waliochanganywa watarudi vipi makwao.

Upande wetu wa Nkuhungu walikuwa wasichana watatu. Wangu, mmoja wa fundi viatu, na mmoja anayelelewa na bibi yake. Asubuhi waliondoka pamoja, wanacheka, sketi za buluu zinapepea, na mimi nasimama kwenye genge nawaangalia mpaka wanapotelea korongoni. Jioni kila mmoja alikuwa peke yake. Mmoja aliwekwa familia ya Umoja, mmoja Upendo, wangu Juhudi, na kila familia ilitoka kwa wakati wake. Mwanzoni walisubiriana nje ya uzio. Wakachapwa kwa uzururaji, kwa sababu amri ilisema familia ikimaliza iondoke eneo la shule, isiwapigie wengine kelele.

Juhudi ilikuwa ya mwisho siku zote. Mlezi wao, huyo mtani, kengele ikilia alipanda baiskeli yake kwenda mjini kufundisha tuisheni. Nilielewa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa wa kuchekesha, na mimi ni nani wa kumkataza mtu kutafuta? Lakini watoto thelathini walikaa darasani wanamsubiri arudi kuwasikiliza. Alirudi jua likiwa limekaa juu ya vilima. Akianza kusikiliza, mtu wa thelathini anapojibu hamwoni tena mwenzake usoni.

Kutoka shuleni kuja kwetu kuna korongo, na baada ya korongo kuna mashamba. Kiangazi hayo si mashamba, ni vumbi tu. Mtu anayekuja unamwona toka mbali, unajua hata mwendo wake. Kwa hiyo familia zilipoanza, mtama ukiwa ndio kwanza unachipua, sikuogopa. Niliudhika tu. Hofu yangu ilianza kuota na mtama.

Januari ulikuwa wa kufika kifundoni. Nikipita kwenda kuchota maji nauangalia, nasema bado. Mvua zikakubali mwaka ule, na mtama ukafika magotini, ukafika kiunoni. Watu wote Dodoma walikuwa wanamshukuru Mungu. Kanisani kwetu mzee wa kanisa alisimama akaomba mvua iongezeke, watu wakaitikia "Amina", na mimi nikafumba mdomo. Mtoto wa mkulima wa uwanda huu, niliyelala na njaa mara si haba, nilikaa kwenye benchi la kanisa naomba mvua isinyeshe. Nilijiogopa.

Mwezi wa tatu mtama ukampita binti yangu kimo. Nilipita naye asubuhi moja kumsindikiza, akatangulia, na mara sikumwona. Niliona mabua tu yanatikisika mahali alipopita. Nikamwita kwa nguvu. Akarudi, akasimama mbele yangu, "Mama, niko hapa hapa. Vipi?"

"Basi. Nenda."

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa kusikiliza. Biashara ya genge ni jioni, watu wanatoka kazini, huyu anataka fungu la nyanya, yule anataka mafuta ya taa. Mkono wangu unapima, sikio liko njiani. Nikisikia kengele ya baiskeli, nachungulia njia. Nikisikia mbwa wanabweka upande wa korongo, namwaga mafuta nje ya chupa. Kulikuwa na maneno mjini wakati ule, kwamba kuna watu wanakuja na malori kutoka mbali, wanachukua wasichana wakauze vinywaji kwenye mabaa ya barabarani. Labda yalikuwa maneno tu. Lakini mabaa yalikuwepo, malori yalikuwepo, na wasichana waliokuwa wanahudumia humo walikuwa na umri wa binti yangu.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza pombe ya uwele, alikuwa ananitania. "We mama, unachungulia njia kama posa inakuja."

"Namsubiri mtoto."

"Mtoto gani? Yule ana kifua kuliko wewe."

"Ndiyo maana namsubiri."

Na binti mwenyewe sasa! Angeichukia hiyo familia kazi yangu ingekuwa rahisi. Aliipenda. Kidato cha kwanza hesabu alikuwa anapata sifuri na mbili, anarudi analia. Sasa alikuja nyumbani amechoka, miguu imejaa vumbi, anakaa kwenye kigoda pembeni mwa genge, anachora milinganyo kwa kijiti kwenye mchanga.

"Mama, ona. Kumbe ni kuhamisha tu, upande huu kwenda upande huu. Kaka wa kidato cha tatu amenionyesha."

"Kaka gani?"

"Kaka wa familia."

"Familia yako iko hapa. Kaka huna."

"Mama bwana!" Akacheka. "Na mimi leo nimewafundisha kidato cha kwanza. Wameelewa wote."

Nilimwangalia uso wake kwa taa ya kibatari. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona mlango. Nikasema moyoni, nikienda kule kufanya fujo nitamfungia mwenyewe.

Hata hivyo nilikwenda. Mara ya kwanza nilikwenda kwa adabu, nimevaa gauni la kanisani, nikamwambia mlezi wao njia yetu ni mbaya, mtama umekua, je, hawa wa mbali hawawezi kusikilizwa kwanza? Akasema, "Mtani, unaogopa fisi? Fisi gani atamla Mgogo, atapata nini, mifupa mitupu?" Nikacheka. Ni utani, unafanyaje? Nikarudi nyumbani, na binti akasikilizwa wa mwisho kama kawaida. Mara ya pili aliniuliza kama nimeleta bakuli. Mara hiyo ya pili sikucheka sana.

Binti aliposikia akanikasirikia. "Mama usiende tena. Wataniita mtoto wa kubebwa."

Sasa hiyo Jumanne.

Jua lilizama. Yule wa Umoja alishapita zamani. Wa Upendo akapita, akanisalimia, nikamuuliza wa kwetu yuko wapi, akasema, "Juhudi walikuwa bado hawajaanza kujibu, mama." Nikauza dagaa. Nikauza kiberiti. Mwanga ukawa wa kijivu, kisha ukawa hakuna. Nikamkabidhi jirani mtoto mchanga bila kusema neno, na yeye mara hii hakunitania. Akamchukua, akasema, "Kimbia."

Sikuchukua tochi kwa sababu betri zilikuwa zimekufa. Nikaingia njia ya mashamba, mtama huku na huku, majani yananichana miguu na mikono. Ukiwa ndani ya mtama hakuna kimya. Majani yanasuguana hata bila upepo, na kila sauti ni ya mtu. Nikawa nasimama, nasikiliza, natembea, nasimama. Nikamwita jina lake.

Hakuna.

Nikaita tena. Nikaita mpaka sauti ikapasuka. Nikafika katikati, mahali ambapo mwenye shamba amejenga dungu la kulindia ndege, nikaita tena hapo, na nikasikia majani tu. Nilijua nimempoteza. Sisemi niliogopa, hilo lilikuwa limeshapita. Miguu ilikuwa inatembea na mimi simo.

Nikaanza kumtukana. Sijui kwa nini. Nikasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya mama yake kabisa, "Wewe mtoto mshenzi, nikikutia mkononi leo nitakuchapa mpaka usahau jina lako! Nimekwambia mara ngapi usichelewe!"

Na juu ya kichwa changu sauti ndogo ikasema, "Mama, usinichape. Niko huku."

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya dungu, kichwani pangu, muda wote ule ninaita. Alinisikia kila nilipoita. Hakuitika. Alikuwa anafuata nilichomfundisha mwenyewe tangu ana miaka mitano, kama mama yangu alivyonifundisha mimi: ukiitwa gizani usiitike, hata kama sauti ni ya mama yako, kwa sababu wapo wanaoiga sauti za akina mama. Matusi yangu ndiyo aliyoyaamini. Mwigaji asingejua kutukana hivyo.

Nilimshusha. Alikuwa hana viatu, amevishika mkononi. Alikuwa amejikojolea, msichana mkubwa yule. Nikamvika khanga yangu tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika bega.

Nyumbani alinieleza. Alikuwa amevuka korongo baiskeli ikaja nyuma. Mwanamume, hakumwona sura. "Dada, panda nikupakie, giza hili." Akakataa. "Panda bwana, mimi si mtu mbaya." Akakataa. Baiskeli ikapita, ikaenda mbele, akaiona taa yake inaishia kwenye mtama. Akashukuru. Halafu ile taa ikageuka, ikarudi.

"Halafu ikazimika, mama."

Baiskeli zetu zile za dinamo, taa inawaka gurudumu likizunguka. Taa ikizimika ujue baiskeli imesimama. Binti yangu alilijua hilo. Alijua mtu yule amesimama mahali fulani mbele yake katika njia, gizani, hatembei, hasemi. Akavua viatu. Akaingia ndani ya mtama polepole, akapanda dungu, akalala. Akasikia mtu anapita kwenye mabua, anapiga mluzi mdogo mdogo kama anaita mbuzi. Akapita chini yake. Akaenda. Akarudi.

Yule mtu sijamjua mpaka leo. Nimewaangalia wanaume wengi wa Nkuhungu wenye baiskeli, na wao hawajui kwa nini nawaangalia.

"Mama," akasema, "usimwambie baba."

Hapo ndipo nilipokosa usingizi kabisa, maana alikuwa na haki ya kuogopa. Baba yake alishasema, si mara moja. Msichana amefika kidato cha pili, kusoma na kuandika anajua, anatafuta nini tena? Kibaigwa kuna kijana ana nusu ya lori. Nilikuwa namzuia kwa maneno, wiki baada ya wiki. Nikimpa hili la baiskeli, hatakuwa mwongo akisema shule ni hatari. Angemtoa Jumamosi hiyo hiyo. Nisipompa, na jioni nyingine ikaja baiskeli nyingine kama hiyo, nitamjibu nini? Nililala macho juu, mtoto huyu mdogo ananyonya, yule mkubwa anaweweseka usingizini, na mimi napima mambo mawili, yote yananilia mtoto.

Kulipokucha binti akavaa sare. Ilikuwa bado mbichi, tulikuwa tumeifua usiku ule ule.

"Unaenda wapi?"

"Shule. Leo tuna zoezi la hesabu."

Akasimama mlangoni. Akaangalia njia. Hakutoka. Akasubiri wenzake wawili wafike ndipo akaenda, na nilimwona kila hatua anageuka nyuma. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamfuata kwa mbali.

Basi ndivyo nilivyofika kwa mtani wangu na chai yake.

Baada ya kupiga meza, mkuu wa shule alisikia kelele akaniita ofisini. Alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alinivutia kiti.

"Mama, umemwaibisha mwalimu mbele ya wenzake."

"Ndiyo."

"Angalau samahani basi."

"Sina."

Nikamweleza, kuanzia dungu mpaka taa ya dinamo. Alishika kichwa. Kisha akasema maneno ambayo nilijua atayasema. "Lakini mama, hizi familia zimeinua watoto. Hata wa kwako. Nimeona hesabu zake."

"Najua. Ndiyo sababu sijaja kumtoa."

"Sasa unataka nini?"

"Zipangeni kwa njia. Wanaopita njia moja wawe familia moja, watoke pamoja."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama nimemwambia auze bendera. "Hapo tutarudi kwenye mitaa. Wa huku na wa huku. Mama, hilo la kubaguana tulilikataa siku nyingi."

"Yule wa baiskeli hakumuuliza kabila lake, mkuu."

Hapo akawa ofisa. "Malalamiko ya mdomo hayana faili. Nenda nyumbani, tulia, uandike barua. Bodi ya shule ikikaa tutaliangalia."

"Inakaa lini?"

"Ikikaa."

Nimefanya kazi ofisini. Najua "ikikaa" ni nini. Na najua "nenda nyumbani uandike" ni nini, ni kwamba mama wa genge hataandika. Nikainuka, nikaenda chumba cha nje kwa katibu muhtasari wake, binti mmoja aliyekuwa anapiga chapa mtihani wa jiografia kwa vidole viwili. "Mdogo wangu, nipishe kidogo." Akamwangalia bosi wake, akaniangalia mimi, akanipisha. Nikamfungua mtoto nikampa amshike. Nikapanga karatasi tatu na kaboni mbili, nikazungusha rola. Vidole vyangu vilikuwa havijagusa mashine tangu siku walipotuaga ofisini, na vilikwenda vyenyewe. Mkuu alisimama mlangoni mwake, anasoma juu ya bega langu, na hakunizuia.

Niliandika hivi, na nakala yangu, iliyogongwa muhuri wa shule kuwa imepokelewa, ninayo:

*Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,*
*Kupitia kwa Mkuu wa Shule.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA WASICHANA WA NKUHUNGU KUTOLEWA SHULENI GIZANI, MMOJA MMOJA*

*Mimi ni mzazi wa msichana wa kidato cha pili, familia ya Juhudi.*

*Jana jioni binti yangu alitolewa darasani giza limeingia, akiwa peke yake kwa upande wa kwetu. Mwanamume wa baiskeli alimfuata mashambani. Aliokoka kwa kupanda dungu na kunyamaza. Hakuna mtu wa shule aliyejua, na nilipokuja kueleza nilifanyiwa mzaha.*

*Nalalamika mambo mawili. La kwanza, mlezi wa familia ya Juhudi huondoka masomo yanapokwisha na kurudi jua linapozama, na watoto hawaruhusiwi kuondoka mpaka arudi. La pili, shule imewatenganisha kwa makusudi watoto wanaopita njia moja, na inawachapa wakisubiriana. Shule hii ni ya kutwa. Kila mnachokipanga humu lazima kijue kwamba jioni mtoto anatembea.*

*Familia sizipingi. Binti yangu amejua hesabu kwa ajili ya hizo familia. Nataka wasichana wa Nkuhungu wawe familia moja, au watolewe kwa wakati mmoja, jua likiwa bado juu, mpaka mtama utakapovunwa na hata baada ya kuvunwa.*

*Bodi haijasema itakaa lini. Mimi siwezi kusubiri, kwa sababu jioni haisubiri. Kuanzia leo, jua likianza kushuka, nitakuwa mlangoni mwa darasa la Juhudi. Nitamchukua wangu, awe amejibu au hajajibu. Nitapita Umoja na Upendo niwachukue na hao wawili, wazazi wao nitawaambia mwenyewe. Mkitaka kumwadhibu mtu kwa kuvunja amri ya familia, mniadhibu mimi, wao msiwaguse.*

*Kesho asubuhi atakuwa darasani kabla ya kengele. Na keshokutwa. Simtoi shule.*

*Mzazi, Nkuhungu.*

*Nakala: Afisa Elimu wa Mkoa. Nitaipeleka kwa mkono, leo.*